Amepata 16 kati ya 32 na ripoti haina nafasi: binti yangu amefeli?

BARUA

Kamwene wataalamu wa safu hii,

Naandika kutoka Kihesa, Iringa. Binti yetu ana miaka 12. Alisoma English medium hadi darasa la sita, na kila muhula alikuwa analeta karatasi inayoeleweka: Hisabati 91, Sayansi 84, nafasi ya 3 kati ya 48. Agosti iliyopita tukamhamishia shule ya kimataifa, akaanza mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini. Wanafuata ule mfumo wa IB (International Baccalaureate, shirika la elimu la kimataifa) unaoitwa MYP, yaani Middle Years Programme.

Ripoti ya kwanza imekuja na nyumba haina amani. Hisabati wameandika A 7, B 2, C 3, D 4, jumla 16, daraja 4. Sayansi A 6, B 3, C 5, D 4, jumla 18, daraja 4. Hakuna asilimia, hakuna nafasi, hakuna wastani wa darasa. Baba yake anafanya biashara ya mbao na nguzo, muda mwingi yuko Mafinga. Aliporudi akachukua kalamu: 16 gawanya kwa 32, asilimia 50. "Hiyo ni C ya NECTA," akasema, "nalipa ada yote hii kununua C?"

Kilichomkera zaidi ni ile B 2. Kazi yenyewe tunayo hapa mezani. Wamechorewa nguzo zilizopangwa kwa safu, moja juu, mbili chini yake, tatu chini yake. Rundo la safu 1 lina nguzo 1, la safu 2 lina 3, la safu 3 lina 6, la safu 4 lina 10. Wakaambiwa wachunguze. Binti akaandika kwamba rundo la safu 10 lina nguzo 55. Baba yake akaenda uani, akapanga mirunda kwa mkono wake, akahesabu. Ni 55 kweli. Jibu sahihi, alama 2 kati ya 8!

Nilimpigia mwalimu. Akaniambia kazi za nyumbani haziingii kwenye alama, na kwamba kigezo hicho kitapimwa tena. Wifi yangu anasema shule hizi zinabembeleza watoto, hawataki kuwaambia ukweli. Mwalimu wa tuisheni wa mtaani yuko tayari kuanza naye kila jioni. Baba yake anataka Januari arudi mfumo wa taifa. Mimi nataka kwanza nielewe hii karatasi inasema nini.

Mama wa Kihesa

JIBU

Kamwene nawe, mama. Binti hajafeli. Ila ile B 2 nayo haikukosewa, na tutakuonyesha kwa nini.

Tuanze na kalamu ya baba yake. Hesabu yake ni sahihi, lakini ameifanyia kitu ambacho hakigawanywi hivyo. Mtihani wa NECTA una maswali yenye alama. Unakusanya ulizopata, na kwenye kipimo cha kidato cha nne 45 hadi 64 ni C. Kwenye MYP hakuna anayekusanya maswali aliyopatia na aliyokosa. Kila somo lina vigezo vinne, A hadi D, na kila kigezo kina ngazi kutoka 0 hadi 8. Ngazi hizo zimefungwa mbili mbili: 1–2, 3–4, 5–6, 7–8. Kila jozi ina maelezo ya maandishi yanayosema kazi ya ngazi hiyo inafananaje. Mwalimu anaishika kazi ya mtoto, anasoma maelezo, anatafuta yanayolingana nayo. Akishaipata jozi anaamua kama kazi imeyatimiza maelezo kikamilifu, apewe namba ya juu, au imeyafikia kwa shida, apewe ya chini.

Baba yake analijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Mbao haipangwi gredi kwa asilimia. Unaitazama kama imenyooka, ina mafundo mangapi, imekauka vipi, kisha unasema hii ya fanicha, hii ya paa, hii ya zege. Hakuna mnunuzi anayesema "mbao hii ni asilimia 62".

Jumla ya vigezo vinne ni 32, na inageuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7 kwa mipaka iliyowekwa na IB wenyewe. Jumla ya 1 hadi 5 ni daraja la 1. 6 hadi 9 ni la 2. 10 hadi 14 ni la 3. 15 hadi 18 ni la 4. 19 hadi 23 ni la 5. 24 hadi 27 ni la 6. Na 28 hadi 32 ni la 7. Ubandike mstari huo kwenye friji. Daraja la 4 liko katikati kabisa ya ngazi saba. Maelezo yake yanasema ni kazi ya ubora mzuri, yenye uelewa wa msingi wa mambo mengi, na mwanafunzi anayeweza kutumia anachojua katika mazingira aliyoyazoea lakini anahitaji msaada akikutana na jambo jipya. Soma tena hilo la mwisho. Kwa mtoto aliyetoka mfumo mwingine miezi michache iliyopita, ndivyo tungetegemea awe.

Kwa hiyo jumla iacheni kwanza. Ripoti hii husomwa kwa mstari, kigezo kwa kigezo.

Hisabati, kigezo A ni kujua na kuelewa: kutatua maswali kwa njia sahihi, yale uliyoyazoea na mengine usiyoyazoea. Ana 7. Hapo ndipo ile 91 ya shule ya zamani ilipo, haijapotea popote. Shule yake ya zamani ilikuwa ikipima zaidi kitu hicho kimoja, na alikuwa hodari. Hapa kinapimwa pamoja na vingine vitatu ambavyo hajawahi kuulizwa.

Kigezo B ni kuchunguza ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia kwa utaratibu. Njoo sasa kwenye nguzo za baba. Kwa mwaka wa kwanza, maelezo ya ngazi ya 1–2 yanasema hivi kwa maneno yetu: mwanafunzi, kwa msaada wa mwalimu, anatambua ruwaza rahisi na kutoa makadirio yanayoendana nayo. Ngazi ya 3–4: anatambua ruwaza mwenyewe na kupendekeza inavyofanya kazi. Ya 5–6: anapendekeza uhusiano au kanuni ya jumla, kisha anaijaribu kwa mfano mwingine. Ya 7–8: anachagua mbinu mwenyewe, anaieleza kanuni kwa usahihi, na anaihakiki kwa mifano mingine kadhaa.

Binti ameandika 55. Hilo ni kadirio linaloendana na ruwaza. Hakuna zaidi kwenye karatasi. Kwa maelezo hayo, kama mlivyotueleza kazi yenyewe, 2 ni haki yake, hata kama baba angepanga mirunda mpaka usiku.

Hivi ndivyo kazi hiyohiyo ingepanda. Angechora jedwali la safu na idadi ya nguzo, akaonyesha kwamba kutoka rundo moja hadi jingine zinaongezeka 2, kisha 3, kisha 4. Akiandika tu sentensi kwamba "kila safu mpya inaongeza nguzo sawa na namba ya safu hiyo", ameshaeleza ruwaza inavyofanya kazi, na ameingia 3–4. Halafu kanuni. Chukua rundo la safu 4, lenye nguzo 10. Weka kando yake rundo jingine kama hilo lililogeuzwa juu chini. Kila safu sasa ina nguzo 5: 1 na 4, 2 na 3, 3 na 2, 4 na 1. Safu 4 mara 5 ni 20, na nusu yake ni 10. Basi idadi ya nguzo ni safu, mara safu ukiongeza moja, gawanya kwa mbili. Kwa safu 10 ni 10 × 11 ÷ 2, yaani 55. Anaijaribu kanuni hiyo kwa safu 5: 5 × 6 ÷ 2 ni 15, anachora, anahesabu, ni 15. Anaijaribu tena kwa safu 7: 28. Amemaliza, na karatasi nzima haizidi ukurasa mmoja. Jibu ni lilelile 55, ila sasa liko kwenye 7 au 8.

Angalizo moja: kama mwalimu amemwonyesha darasani lile rundo la kugeuza, akalinakili, ngazi ya juu haipati. Kigezo hiki kinapima kugundua. Ndiyo maana msaada wa nyumbani kwenye kazi za B unaweza kumharibia. Baba akimpa kanuni, mtoto anabaki na kanuni asiyoweza kuieleza, na mwalimu makini huliona hilo kwenye mstari wa pili.

C ni mawasiliano: lugha ya kihisabati, michoro na majedwali yanayofaa, hatua zinazofuatana mtu akaelewa bila kuuliza. Ana 3. Fungua daftari lake. Tunabahatisha kwamba utakuta majibu yamepigiwa mstari chini na njia haipo, au iko pembeni imefutwa. Mtoto aliyekuzwa kwenye maswali ya kuchagua herufi hufanya hesabu kichwani au kwenye kipande cha karatasi, kisha anatupa kipande. Kwa MYP kile kipande ndicho kazi.

D ni kutumia hisabati katika hali halisi. Kosa la kawaida la watoto hodari wa A linaonekana kwenye swali kama hili: nguzo 240, lori moja linabeba 70, yanahitajika malori mangapi? Anaandika 3.43 na kufunga daftari. Mwenye lori angemcheka. Ni malori 4, na alama zaidi ziko kwenye maelezo: kwa nini huwezi kukata lori, lori la nne litakwenda na nguzo 30 tu, je, kuna haja ya kutafuta gari dogo? Vigezo vinadai mwanafunzi aeleze kama jibu linaleta maana na limekaribia ukweli kiasi gani.

Sasa tazama mahali alama zilipo. Ana 16, daraja la 5 linaanzia 19. Zimebaki 3. Akikazana na A, kutoka 7 hadi 8, anapata 1 tu. B ikitoka 2 kwenda 4 na C ikitoka 3 kwenda 4, amefika. Na hizo zinakuja kwa kuandika njia na kueleza ruwaza, vitu vya wiki chache vya mazoea. Sayansi amebakiza 1 tu! Ana 18.

Kwenye Sayansi kinachomvuta chini ni kigezo B, kuuliza na kubuni jaribio. (Vigezo vina herufi zilezile kila somo lakini maana inabadilika, na hili huwachanganya wazazi wengi.) Anatakiwa aeleze kwa ufupi tatizo, atoe utabiri unaoweza kupimwa pamoja na sababu ya kisayansi, aseme atabadilisha nini, atapima nini na ataacha nini vilevile, kisha aandike njia. Mfanyie mazoezi jikoni. Kwa baridi ya Iringa mwezi Juni kila mama anajua unga wa maandazi unachelewa kuumuka. Mwulize kwa nini, na angepimaje. Jibu la ngazi ya chini ni "nitaweka unga mahali pa joto na pa baridi nione". La ngazi ya juu linasema: vikombe vitatu vinavyofanana, kila kimoja gramu 50 za unga, gramu 2 za hamira, mililita 30 za maji, kimoja kwenye beseni la maji ya nyuzi 10, kingine 25, kingine 40, nitapima kimo cha unga kwa rula kila dakika 10 kwa dakika 40, kiasi cha unga, hamira na maji hakibadiliki ili tofauti itokane na joto peke yake, natabiri cha nyuzi 40 kitapanda haraka kuliko vyote kwa kuwa hamira ni viumbe hai, na kwenye uvuguvugu vinatoa gesi kwa kasi. Msiufanye hata huo unga, aandike tu mpango. Kosa tunalolitarajia kwake ni kusahau kutaja vinavyobaki vilevile.

Kuhusu kazi za nyumbani, mwalimu amekueleza sahihi, ingawa kwa ufupi mno. Kazi za MYP ni za aina mbili. Zipo za kujifunzia, ambazo mwalimu anazitumia kuona mtoto amekwama wapi, na zipo za kupimia mwishoni mwa mada, ambazo ndizo zinazoamua ngazi. Mwongozo wa IB unakataa waziwazi kutengeneza daraja kwa kuchanganya asilimia kadhaa za daftari, kadhaa za nyumbani na kadhaa za mtihani. Unakataa pia kupiga wastani wa mwaka mzima, na kumpa mtoto daraja la mwisho kwa kazi moja. Tabia, usafi wa daftari na kuchelewesha kazi huandikwa mahali pake kwenye ripoti, kwenye stadi za kujifunza. Wifi yako anaita hiyo kubembeleza. Kwetu, shule inayomkata mtoto alama za Sayansi kwa sababu hajafunika daftari ndiyo inayoficha ukweli, maana namba haisemi tena kama anaijua Sayansi.

Wastani unaokatazwa una sababu. Tuseme kwenye kigezo kimoja mtoto amepata 3, 4, 6, 6 kwa mwaka. Wastani ni 4.75. Lakini swali ni yuko wapi sasa, na mbili za mwisho zinajibu: 6. Mwalimu anaangalia mwelekeo na uthabiti, anatoa namba inayomfaa zaidi. Kwa binti yako hii ni habari njema; ile 2 haitamfuata hadi Juni kama jiwe mguuni iwapo atapanda. Kila kigezo ni lazima kipimwe angalau mara mbili kwa mwaka katika kila somo, ndiyo maana ya lile neno la mwalimu kwamba kitapimwa tena.

Mfumo huu una mianya yake, na shule za mikoani zenye walimu wachache huingia humo bila kukusudia. Mwalimu pekee wa somo hana mwenzake wa kusahihisha naye kazi zilezile ili walinganishe mikono, kwa hiyo 5 yake inaweza kuwa 6 ya shule nyingine. Wengine kwa mazoea bado wanapiga wastani kimyakimya kwenye kompyuta. Na kuna kazi zenye dari: swali linalouliza "taja" haliwezi kumfikisha mtoto 7 hata ajibu vizuri namna gani, kwa kuwa ngazi ya juu inadai aeleze kwa muhtasari.

Kwa hiyo mkienda kikao cha wazazi, msiulize "kwa nini amepata 4". Nendeni na ile karatasi ya nguzo. Ombeni kuona rubriki, yaani maelezo ya ngazi kama yalivyoandikwa kwa kazi hiyohiyo, na mwulizeni mwalimu kama watoto walipewa kabla ya kuanza. Inatakiwa wapewe. Mwombeni awaonyeshe, bila jina, kazi ya mtoto mwingine iliyopata 6 au 7. Hakuna maelezo yanayozidi kuziona karatasi mbili zikiwa kando kwa kando. Ulizeni kigezo B kimepimwa mara ngapi na kitapimwa lini tena. Jambo jingine ambalo wazazi wa Kitanzania hulisahau: Kiswahili amewekwa kundi gani? MYP ina kundi la lugha na fasihi na kundi la kujifunza lugha, na hilo la pili lina awamu 1 hadi 6. Mtoto wa Kihesa akikutwa anafundishwa salamu za Kiswahili kwenye awamu ya 1, simameni hapohapo.

Nafasi darasani hamtaipata, hata mkiomba kwa upole. Vigezo havimlinganishi mtoto na mwenzake. Darasa zima linaweza kupata 6, au asipate hata mmoja.

Tuisheni, tungeisimamisha kwa sasa. Mwalimu wa mtaani atafanya anachokijua, maswali mengi ya mitihani iliyopita, na hiyo ni kigezo A ambacho tayari ana 7. Fedha hiyo itanunua alama moja. Kama anahitaji msaada, upo kwenye Kiingereza cha maswali. Anunue daftari dogo, aandike kila kitenzi kinachoanzisha swali na maana yake kwa Kiswahili: taja ni jina au namba tu, bila maelezo, eleza kwa muhtasari ni sentensi chache, fafanua ni kwa kina, toa sababu ni lazima pawe na "kwa kuwa". Kwenye Sayansi kigezo A ngazi ya juu inabadilika mwaka kwa mwaka kwa vitenzi hivyohivyo: mwaka wa 1 inadai muhtasari, wa 3 inadai ufafanuzi wa kina, wa 5 inadai sababu. IB inachapisha vigezo vya mwaka wa 1, wa 3 na wa 5. Wa 2 na wa 4 shule inaamua itumie vipi, ulizeni. Msije mkashtuka mwaka wa 3 namba zikishuka kidogo mtoto akiwa amesoma zaidi. Ngazi ndiyo imepanda.

Na wazo la Januari. Ni haki yenu kumrudisha, lakini isiwe kwa sababu ya ile asilimia 50, maana hakuna shule itakayoisoma hivyo. Shule atakayokwenda itampa mtihani wake wa kumpokea, na huko ile A 7 itamfaa sana. Kitakachombana ni muda: hana matokeo ya darasa la saba, kwa hiyo kabla ya kulipa popote nendeni kwa afisa elimu mkaulize ataingia darasa gani, na akiwa sekondari atakutana na upimaji wa taifa wa kidato cha pili kwa mada ambazo hakuzisoma. Kila mwaka anaoendelea kukaa kwenye MYP pengo la mada linapanuka, hivyo kama baba yake ana nia kweli, amwondoe mapema kuliko kumyumbisha kila ripoti inapotoka.

Mkiamua abaki, kuna swali moja kwa uongozi wa shule ambalo ni kubwa kuliko ripoti hii. Mwaka wa 5 ukiisha, binti atakuwa na cheti gani mkononi? Cheti cha MYP cha IB hutolewa kwa wanafunzi wa shule zilizojiandikisha kwenye mitihani yake ya kompyuta, na wa kukipata anahitaji angalau alama 28 kati ya 56 na asishuke chini ya daraja la 3 popote. Mitihani hiyo ni hiari ya shule. Isiyoifanya inampa mtoto ripoti yake yenyewe na matokeo ya mradi binafsi wa mwaka wa 5. Nyingine huwahamishia watoto kwenye mitihani ya Cambridge ya IGCSE miaka miwili ya mwisho. Matokeo ya nje yanapohitajika na chuo cha hapa nchini, NECTA ndiyo inayoyalinganisha na ya kwetu, kwa hiyo pateni jibu la shule kwa maandishi kabla hajaingia mwaka wa 3, mwende nalo NECTA mkaulize wanalipokeaje.